CPU iko 100% lakini fazingi imelala: mashine yako uiangalie wapi

Swali la msomaji: "Mkuu habari za kazi. Nina mashine moja iko home hapa Dar, viini 16, RAM GB 64, SSD ya TB 1, Ubuntu. Naitumia kufazi laibrari moja ya kusoma picha kwa AFL++, nimewasha instansi 16 na zote zina ASan. Siku ya kwanza mambo safi, kila instansi inapiga kama mara 2,000 kwa sekunde. Siku ya tatu nakuta imeshuka mpaka mia mbili hivi, na kuna usiku ilijizima ikajiwasha yenyewe. Nikifungua htop naona CPU zote ziko 100% so najua inapiga kazi. Nifuatilie nini ili nijue mashine ni nzima bila kukaa nayo muda wote?"

Salama mkuu, na asante kwa kuweka namba maana wengi wanaandika tu "inakuwa slo" halafu mtu unabaki kubashiri. Kwa msomaji mgeni: fazingi ni kuirushia programu maingizo ya ovyoovyo mara nyingi sana ili ianguke na kuonyesha kasoro zake, AFL++ ni fazeri, yaani programu inayofanya kazi hiyo, instansi ni nakala moja ya fazeri inayokimbia, na ASan ni chombo cha kukamata makosa ya memori. Nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu hili swali watu wanalipita haraka sana, wanatumia wiki nzima kuandika hanesi nzuri (programu ndogo inayopeleka ingizo kwenye laibrari), wanachagua mbegu vizuri (maingizo ya kuanzia), halafu mashine yenyewe hawaiangalii kabisa, na mwisho wa mwezi wanasema laibrari haina bugi wakati kumbe fazeri ilikufa siku ya tatu.

Tuanze na htop. Hiyo 100% haikwambii kitu. Mashine ya fazingi inatakiwa iwe 100% muda wote, hiyo ndo hali yake ya kawaida, kwahiyo namba ambayo haibadiliki ikiwa nzima wala ikiwa mgonjwa haiwezi kuwa kipimo cha afya. Loadi avareji nayo ni hivyohivyo, ukiwa na instansi 16 itakaa 16 au zaidi na hakuna cha kushtukia hapo. Kitu cha kuangalia kwenye htop ni rangi. Kijani ni muda ambao programu yako yenyewe inafanya kazi, nyekundu ni muda ambao kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, ndo inafanya kazi. Fungua pia vmstat 1 uangalie safu ya us na ya sy. Ukikuta sy imepanda juu ya us ujue prosesa yako inatumia nguvu nyingi kuzaa na kuzika michakato, kupanga kurasa za memori, kutafuta mafaili, na sio kupima picha. AFL++ kwa kawaida inafoku mchakato mpya kwa kila ingizo, kwahiyo kiasi fulani cha sy ni lazima kiwepo, ila siku ya kwanza ikiwa 30 na siku ya tatu ikawa 75 basi kuna kitu kimejaa mahali. Hapo ndo utakuta CPU 100% na kazi imeshuka mara kumi, vyote kwa pamoja, bila kupingana.

Kipimo cha kweli kiko kwenye kazi inayotoka, na AFL++ inakuandikia yenyewe. Ndani ya folda ya matokeo kila instansi ina faili linaitwa fuzzer_stats, linaandikwa upya kila baada ya kama sekunde 60, na lingine linaitwa plot_data ambalo linaongezewa mstari kila baada ya sekunde chache. Humo kwenye fuzzer_stats usisome kila kitu, soma hivi: last_update, execs_ps_last_min, stability (asilimia inayoonyesha kama ingizo lilelile linapita njia ileile kila mara), saved_hangs, saved_crashes, corpus_count, na time_wo_finds (muda bila kupata kitu kipya). Mstari mmoja wa grep -E kwenye matokeo/*/fuzzer_stats unakutolea zote.

Na hapa naomba usimame kidogo kwenye jambo moja maana naona ndo linakupoteza wewe na wengi. Kuna execs_per_sec na kuna execs_ps_last_min. Ya kwanza ni wastani tangu instansi iwashwe, ya pili ni ya dakika ya mwisho. Chukua mfano wako huohuo, instansi imepiga 2,000 kwa saa 66 halafu ikaanguka mpaka 200 kwa saa 6 za mwisho, wastani wa saa zote 72 bado unakwambia 1,850. Yaani umepoteza asilimia 90 ya kasi tangu usiku na wastani umeshuka kidogo tu, ukiangalia haraka asubuhi na chai mkononi utasema iko poa. Grafu yako na alamu yako vyote viwe kwenye ile ya dakika ya mwisho.

last_update nayo ndo inakwambia kama instansi iko hai. Ni muda wa Unix, toa kwenye date +%s ya sasa hivi, ikizidi dakika tano anza kuwa na wasiwasi. Nasema dakika tano na sio moja kwa sababu instansi ikiwa inapokea maingizo mengi kutoka kwa wenzake au inapima upya mbegu nzito inaweza kuchelewa kuandika bila ya kuwa na tatizo. Amri ya afl-whatsup inakufanyia hesabu hii kwa instansi zote na kukuonyesha zilizokufa, ukiweka -s inakupa muhtasari tu.

Kushuka kwa kasi peke yake kusikutishe pia. Fazingi ikiendelea maingizo yanakuwa makubwa na yanaingia ndani zaidi ya laibrari, kila moja linachukua muda mrefu kidogo, kwahiyo kasi kushuka polepole siku hadi siku ni kawaida kabisa na mara nyingi ni dalili nzuri. Ninachokitafuta mimi ni umbo la grafu. Mteremko mrefu unatokana na kazi. Ikianguka ghafla, tena kwa instansi zote saa ileile, hiyo ni mashine. Instansi moja tu ikianguka na nyingine ziko vilevile basi ni hiyo instansi, labda imeshika ingizo zito au kiini chake kimechukuliwa na kitu kingine. Hii tofauti ya "zote kwa pamoja" na "moja tu" itakuokolea muda mwingi sana, ishike.

Sasa turudi kwako. Kwa ulivyoeleza, kutoka 2,000 mpaka 200 siku ya tatu na kujiwasha usiku, mimi nina washukiwa watatu na ningewafuata kwa mpangilio huu.

Wa kwanza ni memori na mafaili ya muda. Instansi 16 zote zenye ASan ni nyingi mno kwa RAM ya GB 64, na wala hazina faida, maana ASan inapunguza kasi kwa karibu nusu na inakula memori mara mbili tatu, na instansi zinapeana maingizo, kwahiyo moja au mbili zenye ASan zinatosha kukamata kasoro za memori huku nyingine zikikimbia bila mzigo huo. Usijaribu kuibana ASan kwa -m (kikomo cha memori cha AFL++) kwa sababu kwenye biti 64 ASan inajitengea terabaiti karibu 20 za anwani za memori za kufikirika (virtual) ambazo sio RAM halisi, ukiweka kikomo cha kawaida programu haitawaka kabisa. Bana kwa cgroup, kikomo ambacho kerneli inaliwekea kundi la michakato: washa kila instansi kwa systemd-run --scope, weka -p MemoryMax=3G -p MemorySwapMax=0 -p TasksMax=200. Hizo GB 3 mara instansi 15 (moja tutaipunguza, nitaeleza chini) ni 45, unabaki na nafasi ya mfumo. Ukifanya hivi ingizo moja linaloomba memori ya ajabu (na kwenye laibrari za picha yapo mengi, picha inajitangaza upana elfu sitini na urefu elfu sitini) litaishia ndani ya instansi yake tu, halitaangusha jirani zake 14 na SSH yako juu.

Bado kwenye mshukiwa huyohuyo, angalia /tmp. Hanesi nyingi zinaandika faili la muda, zinalipeleka kwenye laibrari, zinalifuta mwishoni. Programu ikikrashi au ikiuliwa kwa taimauti kabla ya kufika kwenye mstari wa kufuta, faili linabaki. Kwa kasi ya elfu mbili kwa sekunde mara viini vyote, hata sehemu ndogo sana ikibaki baada ya siku mbili una mamilioni ya vifaili kwenye folda moja, kila kutafuta au kuunda faili kunakuwa kuzito, na hapo ndo sy inapopanda. Kama /tmp umeiweka kwenye RAM, ambavyo wengi tunafanya ili kuiokoa SSD, basi vile vifaili vinakula RAM moja kwa moja, mashine inaanza kuswapi (kuhamishia memori kwenye diski), na kasi inaanguka kama ulivyoona. Piga df -h halafu piga na df -i, hiyo ya pili watu wanaisahau, diski inaweza kuwa na nafasi nusu nzima lakini inodi (nafasi za kuorodhesha mafaili) zimeisha na kila mtu anapata ujumbe kwamba nafasi hakuna. Dawa ya kweli ni kubadili hanesi isome kutoka kwenye memori badala ya faili, persistent mode ya AFL++ inakupa hilo na kasi inaongezeka sana. Ila ukihamia huko fuatilia memori ya mchakato, kwa sababu mchakato mmoja sasa unapima maingizo maelfu kabla haujaanza upya na kila uvujaji mdogo wa memori unajumlishwa. Ukichora utaona RSS (RAM halisi ambayo mchakato unatumia) inapanda halafu inashuka ghafla, inapanda tena inashuka, hiyo ni kawaida. Ikipanda bila kushuka punguza namba iliyo kwenye AFL_LOOP, yaani idadi ya maingizo kabla mchakato haujaanza upya.

Swapi unaiona kwenye vmstat safu za si na so. Kwenye mashine ya fazingi hizo zinatakiwa zisome sifuri, sio ndogo, sifuri. Kama kerneli yako ni 4.20 au zaidi, na kwa Ubuntu ya sasa ni lazima iko zaidi, kuna kitu kizuri zaidi ya hapo, faili la /proc/pressure/memory na wenzake wa cpu na io. Linakwambia ni asilimia ngapi ya muda michakato ilikuwa imekwama ikisubiri memori, kwa sekunde 10, 60 na 300 zilizopita. Mstari wa full ukionyesha avg60 ya hata 5 kwenye memori mimi naamka usiku. Ile ya cpu usiijali, itakuwa juu muda wote na ndo tulivyotaka.

Mshukiwa wa pili ni joto. Nyaraka za AFL zenyewe tangu zamani, enzi za Michał Zalewski aliyeiandika, zinaonya kwamba prosesa itapata moto na inahitaji kupozwa vizuri, na kwamba kwenye laptopu na simu kitu kinaweza kuharibika kabisa. Na wewe uko Dar, chumba kisicho na kiyoyozi kati ya Desemba na Machi mashine inavuta hewa ambayo tayari ni ya moto. Prosesa ikifika kikomo chake, ambacho kwa nyingi za mezani ni kati ya nyuzi 90 na 100, inajipunguzia kasi yenyewe, na htop itaendelea kuonyesha 100% kwa sababu ni 100% ya kasi iliyobaki. Weka lm-sensors, piga sensors, lakini usiishie hapo maana joto la sasa hivi halikwambii usiku ilikuwaje. Kwa Intel soma core_throttle_count ndani ya /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/, hiyo inahesabu mara ngapi kiini kimejibana tangu mashine iwashwe. Ikiwa inaongezeka kila saa una tatizo la kupoza, safisha vumbi, badilisha pasta ya prosesa, sogeza kesi mbali na ukuta. Kama huwezi kwa sasa zima tabo (turbo, kasi ya ziada ya prosesa), kwa Intel ni kuandika 1 kwenye /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo. Utapoteza kasi kidogo lakini itakuwa kasi ileile usiku na mchana, na kwa fazingi ya wiki nzima mimi nachagua kasi tulivu kuliko kasi kubwa inayoyumba.

Hili la joto linaweza kueleza pia kujizima, ila joto huwa linaleta nusu ya kasi, sio moja ya kumi. Ndo maana nimeliweka la pili.

Mshukiwa wa tatu ndo mjanja. Umesema usiku ilijiwasha upya. Iwe umeme ulikatika au vinginevyo, swali langu ni: ilipowaka, mipangilio yako ilirudi? Ile afl-system-config, amri ya AFL++ ya kuandaa mashine kwa fazingi, kama uliipiga siku ya kwanza haidumu, ukizima mashine inapotea. Govana inayopanga kasi ya prosesa inarudi kwenye kuokoa umeme, na core_pattern, inayosema krashi ipelekwe wapi, kwenye Ubuntu inarudi kuwa bomba la kupeleka ripoti kwa apport, programu ya kukusanya ripoti za krashi. Hiyo ya pili ni hatari zaidi ya kasi. Programu ikikrashi, kerneli inampigia kwanza huyo wa nje, kunakuwa na ucheleweshaji, na AFL++ inaweza kudhani ni taimauti wakati ilikuwa krashi halisi. Kwa kawaida afl-fuzz inakataa kuwaka ikikuta hali hiyo, na inakataa kwa sababu nzuri. Lakini kama kwenye skripti yako ya kuwasha umeweka AFL_I_DONT_CARE_ABOUT_MISSING_CRASHES=1, na watu wengi wameikopi tu kutoka mahali, basi itawaka kimya na kuanza kupoteza kile hasa unachokitafuta. Piga cat /proc/sys/kernel/core_pattern sasa hivi, ukiona inaanza na alama ya bomba ujue. Angalia na scaling_governor chini ya cpufreq, iwe performance. Halafu tengeneza sevisi ya systemd inayopiga afl-system-config kila mashine inapowaka, kabla ya fazeri, na utoe hiyo AFL_I_DONT_CARE kwenye skripti ili siku mipangilio isiporudi fazeri igome na wewe ujue. Tena afl-system-config inalegeza ulinzi wa mfumo kwa makusudi, kwahiyo mashine hiyo isiwe na kazi nyingine, usiweke barua pepe humo wala kuifungulia bandari kwenye intaneti.

Kujua kwa nini ilijizima: last -x reboot inakupa saa, journalctl -b -1 -e inakupa mistari ya mwisho ya uhai uliopita, mradi folda ya /var/log/journal ipo ili kumbukumbu zidumu. Ukikuta "Out of memory: Killed process" (OOM, kerneli inaua mchakato kwa sababu memori imeisha) mara nyingi kabla ya mwisho basi rudi kwa mshukiwa wa kwanza. Ukikuta logi imekatika tu katikati bila neno lolote, hiyo ni umeme, pawa saplai au joto kali. Angalia na /sys/fs/pstore, kerneli ikipaniki huwa inaacha barua hapo. Jambo dogo hapa, kila krashi ya programu inaandika mstari wa segfault kwenye logi ya kerneli na baada ya siku mbili mstari wa OOM unaoutafuta umefunikwa, zima kwa sysctl debug.exception-trace=0.

Kuhusu umeme wenyewe, UPS ndogo inayoongea na mashine kwa USB ni pesa nzuri sana, na weka AFL_AUTORESUME=1 ili instansi ziendelee zilipoishia badala ya kukataa au kuanza upya.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye kitu ambacho naona hakisemwi vya kutosha, kwamba ugonjwa wa mashine unachafua matokeo, haupunguzi kasi tu. Taimauti inapimwa kwa saa ya ukutani. Mashine ikizidiwa, ingizo la kawaida ambalo jana lilichukua milisekunde 5 leo likichukua zaidi ya sekunde moja, AFL++ inalihesabu kama limekwama. Utaona saved_hangs inapanda kwenye instansi zote kwa pamoja na utadhani umegundua kasoro ya laibrari kumbe ni swapi. Kibaya zaidi ni upande usiouona: ingizo zuri lililofungua njia mpya linatupwa kwa sababu lilichelewa, na hakuna sehemu linapoandikwa. Ndo maana mimi naweka -t kwa mkono, nikiacha nafasi ya kutosha juu ya kipimo cha siku ya kwanza, na nikiona hangs zimepanda ghafla nazirudia zote mashine ikiwa imetulia kabla ya kumwandikia mtu yeyote.

Krashi nazo zisome majina ya mafaili yake. Jina lina namba ya sig, yaani ishara iliyoua programu. sig:11 na sig:06 ndo utazoea kuziona, ASan kwa kawaida inatoka na 06. Ukikuta sig:09 nyingi, hiyo mara nyingi sio laibrari imeanguka, ni OOM imeua mchakato na fazeri ikaandika kama krashi. Soma memory.events ya cgroup husika, pale kwenye oom_kill, kama namba zinaenda pamoja umepata jibu. Na krashi ambazo hazirudii kabisa, unalipitisha ingizo lilelile mara mia na hakuna kitu, zikiwa mbili tatu sawa, zikiwa nyingi na stability iko chini ya 90 inawezekana ni programu yenyewe inayotegemea nyuzi (threads) au namba za bahati nasibu. Lakini kama stability iko 99 na bado krashi hazirudii, anza kuishuku RAM. Zima, pitisha memtest86+ usiku kucha. Na kama prosesa yako ni ya Intel ya mezani kizazi cha 13 au 14 hakikisha BIOS ni mpya, maana mwaka 2024 Intel wenyewe walisema baadhi ya hizo zilikuwa zinapewa volteji kubwa kupita kiasi na kuyumba, marekebisho ya microcode 0x129 yakatoka Agosti. Mashine ya fazingi inaibana prosesa kuliko gemu lolote, kama ina kidonda kitaonekana hapo.

SSD nitaipita haraka. Fazingi inaandika mabilioni ya mara, kwahiyo faili la ingizo la sasa liweke kwenye RAM kwa AFL_TMPDIR, soma smartctl -a mara moja kwa wiki uandike asilimia iliyotumika, na maingizo yako yapeleke mahali pengine kwa rsync kila saa. Maingizo ndo mali yenyewe, mashine inanunulika.

Kufuatilia bila kukaa nayo sasa. Usianze na Grafana (programu ya kuchora grafu za takwimu). Andika skripti ya mistari ishirini inayosoma zile namba saba za fuzzer_stats kwa kila instansi, joto la juu, core_throttle_count, avg60 ya memori, si na so, df na df -i ya /tmp na ya folda ya matokeo, na idadi ya michakato yote, iandike mstari mmoja kwenye faili la CSV kila dakika kwa taima ya systemd. Hiyo idadi ya michakato ni muhimu, programu nyingine zinazaa watoto wanaobaki baada ya mzazi kuuliwa. Kila siku piga pia ipcs -m, ukiwahi kuua afl-fuzz kwa kill -9 vipande vya memori ya pamoja vinabaki na kujikusanya.

Ukishaona namba zako za kawaida ndo uhamie kwenye Prometheus, programu ya kukusanya takwimu za mashine. AFL++ inajua kutuma takwimu kwa mfumo wa StatsD, unaweka AFL_STATSD=1 na AFL_STATSD_HOST, bandari kama hujataja ni 8125, unaweka statsd_exporter katikati ya kuzipeleka Prometheus, na node_exporter kwa ajili ya takwimu za mashine yenyewe. Kiini kimoja kati ya 16 kiachie hii kazi na mfumo, endesha instansi 15. Tena angalia kwa lscpu kama hizo 16 ni viini kweli au ni viini 8 vyenye nyuzi (threads) mbili mbili, kama ni 8 usitegemee kasi kuongezeka mara mbili baada ya instansi ya nane.

Alamu ziwe chache. Mimi naamshwa na vitu vinne tu: last_update imezidi dakika tano, kasi ya dakika ya mwisho iko chini ya nusu ya wastani wa saa 24 zilizopita kwa robo saa mfululizo na kwa zaidi ya nusu ya instansi, inodi au diski imepita 85%, na mapigo yamekata. Hili la mwisho ndo kubwa. Mashine iliyokufa haiwezi kukutumia ujumbe kwamba imekufa, kwahiyo kinachoangalia lazima kiwe nje yake, Raspberry Pi kwenye rafu nyingine au VPS ndogo ya bei rahisi. Mashine inatuma pigo kila dakika, na huyo wa nje akikosa mapigo matano anakutumia ujumbe Telegram. Bila hiyo ungejuaje usiku ule imezimika? Ulijua asubuhi.

Na ongeza kipimo kimoja ambacho hakuna grafu itakupa. Tengeneza toleo la pili la programu yako lenye krashi ya kupandikiza, yaani ukikuta baiti nne fulani mwanzoni mwa picha inaita abort(). Kila wiki iwashe instansi moja juu ya toleo hilo kwa dakika chache, kwa -V, ukiipa mbegu iliyo karibu na hizo baiti, na uone kama saved_crashes inapanda kutoka sifuri. Ikibaki sifuri basi njia yako nzima ya kukamata krashi imekatika mahali, iwe core_pattern, iwe hanesi, iwe jinsi ulivyokompaili, na haijalishi mashine inapiga mara ngapi kwa sekunde.

Hata hivyo mashine nzima haimaanishi laibrari ni safi, hilo ni swali lingine. libwebp, laibrari ya picha za WebP, ilikuwa inafaziwa na OSS-Fuzz, huduma ya fazingi ya Google, kwa miaka na bado kasoro ya CVE-2023-4863 ikapita mpaka watu wakaikuta inatumika kushambulia simu mwaka 2023. Kwahiyo time_wo_finds ikifika siku kadhaa huku kasi, memori na joto viko sawa, hapo ndo unaacha kuigusa mashine na kurudi kwenye hanesi na mbegu, uangalie ni mistari ipi ya laibrari haijawahi kuguswa.

Kwa leo fanya haya kabla hujazima chochote: df -i, core_pattern, scaling_governor, vmstat 1 kwa dakika moja, journalctl -b -1 -e. Nina imani kubwa utakuta jibu kwenye df -i au kwenye core_pattern. Halafu punguza ASan ziwe instansi mbili, weka MemoryMax, acha skripti ya CSV iendeshe siku tatu, ukikuta bado inaanguka niletee hiyo CSV kuanzia saa moja kabla ya kuanguka pamoja na aina ya prosesa, tuiangalie pamoja.